Bastola ya fataki: mahali pake ni klabuni, si kwenye begi

Na Mwandishi Wetu

UKITAJA gobore mbele ya wazee wa Dzaleka, kambi iliyoko wilayani Dowa, kilometa 45 hivi kutoka Lilongwe, usishangae mazungumzo yakikatika. Kambi hiyo, iliyokuwa gereza kabla ya 1994, imepokea watu wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda waliokimbia mtutu wa bunduki.

Lakini wapo waliohamishiwa Marekani kutoka kambini hapo, na huko silaha ya namna hiyo inauzwa waziwazi kwa mchezo wa shabaha. Anayevutiwa nayo hujiuliza maswali mawili: ninunue ipi, na je, naweza kuja nayo nyumbani?

Bastola ya fataki hushindiliwa baruti nyeusi na risasi kwa mbele. Kisha fataki huvikwa juu ya kifa, yaani kile kichuma kidogo chenye tundu, na nyundo ikiigonga moto hupenya ndani. Si ngeni kwetu. Mfanyabiashara Mlozi alipopigana na Waingereza huko Karonga, kati ya 1887 na kunyongwa kwake 1895, watu wake walitumia magobore.

Leo mchezo huu unasimamiwa na shirikisho la kimataifa la MLAIC, lililoanzishwa 1971. Kwa bastola, mpigaji husimama mita 25 kutoka kwenye shabaha, hupiga risasi 13 ndani ya dakika 30, na 10 zilizo bora ndizo huhesabiwa.

Kwa mwenye mfuko mdogo, chaguo zuri ni bastola ya mzunguko iliyoigwa kutoka Remington ya 1858, inayotengenezwa Italia na Pietta au Uberti. Fremu yake imefunga hadi juu, hivyo ni imara. Mfano wa Colt uko wazi juu, na alama ya nyuma ya kulengea imechongwa kwenye nyundo yenyewe.

Epuka fremu ya shaba nyeupe au ya njano. Chagua ya chuma cha pua au chuma cha kawaida. Ile ya shaba bei yake ni ndogo, lakini hulegea kwa matumizi. Rahisi ghali! Hakikisha fataki zinakaa sawasawa kwenye kifa, na ioshe siku hiyohiyo, maana masizi ya baruti nyeusi huleta kutu haraka. Usithubutu kutia baruti ya kisasa. Inaweza kuipasua bastola mkononi.

Sasa swali la pili, ndugu msomaji, na hapa ndipo penye mtego. Sheria ya Marekani ya 1968 huichukulia bastola hii kama kitu cha kale, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake. Ukishuka uwanja wa Kamuzu, Lilongwe, msamaha huo umeuacha nyuma. Malawi inadai kibali cha silaha, na Tanzania nayo ina sheria yake ya 2015.

Mfanyabiashara wa mpakani Songwe naye ajihadhari na rafiki anayemwomba ampelekee "kitu cha zamani tu" ndani ya furushi la vitenge. Atakayekamatwa ni mwenye furushi.

Ukirudi nyumbani, iache bastola klabuni. Waletee ndugu ile karatasi ya shabaha yenye matundu yako. Hiyo haidaiwi kibali popote.