Mtoto Mchanga Nyumbani: Anajifunza Nini Kabla ya Kuanza Kusomeshwa?



Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wazazi vijana, Unguja na Pemba, ni hili: tuna mtoto wa miezi michache, tumenuia kumsomesha wenyewe nyumbani kabla hajaenda chuoni wala skuli, tuanze lini, na tuanze na nini? Wengine wameshanunua ubao na herufi za plastiki, na mtoto bado hajaweza kukaa kitako. Jibu letu ni kuwa somo limeshaanza, wala si la ubao. Mtoto anajifunza kwenu tangu siku aliyozaliwa, mtake msitake. Linalobaki ni kuangalia anajifunza nini.

Sikio hutangulia

Katika Suratun-Nahl, Aayah ya 78, Allaah Anatukumbusha kuwa Ametutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui kitu, kisha Akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo ili tupate kushukuru. Kusikia kumetajwa mwanzo. Madaktari nao wanaeleza kuwa mtoto huanza kusikia angali tumboni, na akizaliwa huitambua sauti ya mama yake.

Basi kazi ya kwanza ni kusema naye. Unapomkogesha, mwambie: huu mkono wa kulia, huu wa kushoto. Unapotaka kumnyonyesha, tamka Bismillaah aisikie. Ukipiga chafya, mhimidi Allaah mbele yake. Naye akianza kutoa visauti vyake, mjibu, kisha nyamaza umngoje ajibu tena. Hivyo ndivyo ulimi unavyozoea mazungumzo, na hakugharimu hata senti moja.

Qur-aan pia msomeeni kwa sauti zenu wenyewe, hata ikiwa ni sura fupi wakati wa kulala. Redio iliyowashwa tangu asubuhi na hakuna anayeisikiliza haitoshi. Tumeamrishwa Qur-aan inaposomwa tuisikilize na tunyamaze (Al-A'raaf: 204).

Huulizwa pia kuhusu mama aliye katika nifasi. Dhikri, dua na kumswalia Mtume hana kizuizi navyo. Ama kusoma Qur-aan, Wanazuoni wamekhitilafiana. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu, hasomi kwa nia ya kisomo mpaka atwaharike, lakini hapana ubaya akiyatamka maneno yake kwa nia ya dhikri. Wapo Wanazuoni wengine walioruhusu. Kwa mwenye kushika kauli ya mwanzo, hiyo ndiyo zamu ya baba: ampakate mwanawe baada ya Magharibi amsomee.

Neno la mzazi

Amepokea Abu Daawuud kuwa 'Abdullaah bin 'Aamir alipokuwa mdogo, mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa nyumbani mwao. Akamuuliza mama alikusudia kumpa nini. Akasema: tende. Mtume akamweleza kuwa lau asingempa kitu, angeliandikiwa uongo.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. "Nyamaza, nitakununulia pipi." "Lala, zimwi linakuja." Au mama anatoroka kwa mlango wa nyuma ili mtoto asimwone. Tunadhani mtoto hajui, na kumbe anajua. Mwambie kweli: "Mama anakwenda sokoni, atarudi." Atalia kidogo, lakini ukirudi atakuwa amejifunza kuwa neno la mama ni la kweli. Kesho ulimi huo huo ndio utakaomwambia kuwa Allaah Yupo na Anatuona. Ukishazoeleka kwa uongo, atausadiki vipi?

Simu mkononi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limeshauri kuwa mtoto chini ya miaka miwili asiwekewe skrini atazame, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Wapo wanaotwambia: "Lakini Sheikh, ni katuni za Kiislamu." Hata ziwe za Kiislamu, simu haimwoni mtoto, haimngoji, haimjibu. Kwa umri huu yeye anahitaji uso wa mtu.

Hatuwalaumu kina mama. Anayepika, anayefua na kulea peke yake huchoka. Dawa ya uchovu huo ni mkono wa pili: baba, bibi, shangazi, khaloo. Mama wa Waumini, Bi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa), alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia ahli zake, na Swalah ikifika hutoka. Basi baba asione haya.

Mchezo na subira

Mtume aliswali huku amembeba mjukuu wake Umaamah. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Kwa hiyo mwacheni mtoto atambae karibu na mswala. Mpeni kijiko cha mti au kikombe cha plastiki agonge na afunike, na muondoe karibu yake shanga, sarafu na kokwa za tende, kwani vitu vidogo humkaba koo.

Akianza kula mwenyewe, fuateni mafunzo ya Mtume kwa 'Umar bin Abiy Salamah, mtoto aliyelelewa nyumbani mwake. Alimfundisha kumtaja Allaah, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho karibu naye, na alimfundisha pale pale kwenye sahani.

Herufi zitangoja. Swalah yenyewe tumeagizwa kuwaamrisha watoto wakifika miaka saba. Basi anayempiga mtoto wa miaka miwili kwa kuwa ameshindwa Al-Faatihah ameitangulia Shari'ah, na huenda akamfanya aichukie Qur-aan kabla hajaijua.

Ila mtoto asiyeshtushwa na sauti, au aliyefika mwaka na nusu hana neno hata moja, apelekwe hospitali akapimwe masikio. Msikae mkisema: "Hata baba yake alichelewa kusema."

Mkiyashika haya, siku mtakayofungua juzuu mbele yake mtamkuta sikio lake limeshaizoea Qur-aan, ulimi wake una Bismillaah, na moyo wake unawaamini. Tunamwomba Allaah Awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.