MOJA MPAKA MILIONI: historia ambayo dogo anayo tayari mdomoni

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee madogo wetu walioko darasa la tatu na la nne.

Kama hujafuatilia, mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaliondoa lile somo la Maarifa ya Jamii tulilosoma sisi. Mahali pake yamekuja Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira. Sawa. Lakini madaftari ninayoyaona mimi bado ni yale yale: taja, orodhesha, eleza faida nne. "Tanzania ina makabila zaidi ya 120." Piga mstari, kwisha kazi! Mtoto anakariri 120 na hajui hata huyo aliyekaa naye dawati moja kwao wanaongea nini.

Mimi si mwalimu, nimeishia kidato cha nne, ila jioni huwa nawasaidia madogo wa mtaani kazi zao za shule. Na nimegundua kitu: ukitaka mtoto wa miaka tisa aelewe historia, usianze na Vasco da Gama 1498. Anza na kuhesabu. Kuhesabu wote wanajua.

Mwambie ahesabu moja mpaka kumi. Halafu mwulize, hizi namba zimetoka wapi? Atakushangaa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Mhaya anasema emo, ibili, ishatu, ina, itano. Mzulu kule Afrika Kusini naye anasema kubili, kuthathu, kune. Hapo toa ramani, muonyeshe Bukoba, muonyeshe Durban, mwambie apime kwa kidole. Umbali wote huo, na "mbili" inafanana! Sasa ukimwambia mababu wa lugha hizi walianza kusambaa maelfu ya miaka iliyopita kutoka upande wa mpaka wa Nigeria na Kamerun, ana pa kuishikia hiyo habari.

Lakini sita, saba na tisa ni Kiarabu. Zamani Waswahili walikuwa na zao: sita iliitwa tandatu, tisa iliitwa kenda, na saba ilikuwa fungate. Ndiyo, fungate hii hii ya maharusi! Ni zile siku saba baada ya harusi. (Madogo hapa hucheka mpaka basi, lakini hawasahau tena.)

Sasa Kiarabu kimeingiaje kwenye namba zetu? Hapo jiografia inaingia yenyewe bila kuitwa. Kaskazi huvuma kama Desemba mpaka Machi, ikileta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi ikianza, kama Aprili na kuendelea, ndiyo inawarudisha. Huwezi kurudi kabla upepo haujageuka. Kwa hiyo watu walikaa miezi pwani, wakauza, wakanunua, wakaoa, wakahesabu mali pamoja. Endelea kupanda: ishirini, mia na elfu ni Kiarabu, laki inatoka India, milioni inatoka Ulaya. Yaani mtoto akihesabu kwenda juu anasafiri baharini.

Siku za wiki nazo zina vituko. Jumatano ni siku ya tano ukianzia Jumamosi. Alhamisi nayo maana yake ni ya tano, kwa Kiarabu, ila wenyewe wanaanzia Jumapili. Wiki yetu ina siku mbili za tano zimefuatana, na sisi tunaishi nazo tu kama kawaida!

Halafu zunguka naye darasani. Meza ni Kireno. Bendera pale nje, Kireno. Kitabu, kalamu na karatasi, Kiarabu. Penseli na chaki, Kiingereza. Shule yenyewe ni neno la Kijerumani, na hela ya kununulia maandazi inatokana na heller, sarafu ya wakati wa Wajerumani. Huhitaji kitabu cha bei mbaya wala projekta.

Angalizo moja. Dogo mjanja atakuja na hitimisho kwamba Kiswahili chote ni cha kuazima. Hata watu wazima wanasema hivyo, tena kwa kujiamini. Mwambie atunge sentensi: "Watoto wawili wanacheza." Ile wa-wa-wa, hakuna mgeni aliyeileta, ni uti wa mgongo wa Kibantu. Maneno yamekuja kama wageni, lakini nyumba ina mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lile la makabila. Kuna siku niliwaambia kila mtu aulize nyumbani aje ahesabu kwa lugha ya kwao. Dogo mmoja ambaye wazazi wake wanatoka Mbulu akasimama: wak, tsar, tam... Wenzake wakaangua kicheko, eti "Kichina hicho!" Yule mtoto akakaa kimya, macho chini.

Nikachukua ramani. Kiiraqw siyo Kibantu, ni Kikushi, ndugu zake ni Kisomali na Kioromo cha Ethiopia. Mmasai anayesema nabo, aare, uni ni wa kundi jingine, la Kiniloti. Na Wasandawe na Wahadzabe wana lugha zenye sauti za kugonganisha ulimi. Makundi yote hayo, pamoja na Wabantu kama Warangi, yanakutana eneo moja la katikati na kaskazini mwa nchi yetu. Dogo aliyechekwa ndiye akawa mwenye habari. Wakamwomba arudie, akarudia mpaka kumi.

Aliyekuja mikono mitupu ni binti mmoja, kwao wanaongea Kiswahili tu, baba kabila moja na mama jingine, walikutana Dar. Alidhani amekosa. Hajakosa, hiyo ni historia ya jiji.

Mwisho niliwapa rula. Wekeni kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania. Mnyoofu, halafu unapinda Kilimanjaro, halafu mnyoofu tena. Walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Lakini Mmasai wa upande huu na wa upande ule wote wanasema nabo, aare, uni. Rula haikuwauliza.

Kinachoniudhi ni kwamba daftari linasema tunajivunia makabila yetu, wakati pale niliposoma mimi ukikamatwa unaongea kilugha uwanjani unadeki choo. Nasikia kuna shule bado zinafanya hivyo. Mtoto ashike lipi?

Haya, kwenu moja mpaka tano inasemwaje? Andika hapo chini na utaje na wilaya. Madogo wangu wana ramani ukutani, tunajaza.