KABLA HUJAPOSTI "INAUA VIJIDUDU VYOTE", SOMA HAPA

Wapambanaji wenzangu, hii inawahusu hasa mnaouza vifaa vya nyumbani mtandaoni.

Mimi nauzia hapa Mingoyo. Juzi niliweka status ya kimashine cha ozoni, kile cha kuchomeka kwenye umeme, halafu mpira wake unatumbukizwa kwenye maji. Mteja akaniuliza: "Dada samahani, hicho kinaua amiba? Sisi tunachota kisimani na nina mtoto mdogo."

Kidole kilishaanza kuandika "ndiyo mpenzi, kinaua vyote." Nikajizuia, nikasoma kwanza. Nilichopata ni hiki:

1. Ozoni kweli inaua vimelea. Ni oksijeni iliyopigwa umeme, inaharibu ukuta wa kijidudu. Mwaka 1993 kule Milwaukee, Marekani, watu kama 400,000 waliugua kuhara kwa kimelea cha kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kawaida haikiwezi. Baadaye mji ule ukafunga mitambo ya ozoni.

2. Ile ni mitambo. Wataalamu wanapima ozoni iliyoingia kwenye maji na muda iliokaa. Boksi la kimashine changu halisemi lolote kuhusu hayo.

3. Maji yenye tope yanaimaliza ozoni kabla haijavifikia vimelea. Mayai ya minyoo ndiyo sugu zaidi.

4. Ozoni haidumu, inapotea mapema. Ukichota na kikombe kichafu, maji yamechafuka tena. Halafu kuivuta puani kunaumiza mapafu.

Nikamjibu: "Mama, kwa mtoto usitegemee hiki. Chuja maji kwa kitambaa safi, chemsha mpaka yatokote dakika moja, yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko."

Mashine sikuuza. Akaulizia ndoo ya mfuniko yenye koki, nikamuuzia hiyo.

Sasa kwako muuzaji:
- Muombe anayekuletea mzigo majibu ya vipimo vya maabara. Hana? Usiandike "inaua".
- Andika unachokijua tu: ukubwa, umeme inaotumia, bei.
- Mteja akitaja mtoto, mgonjwa au mjamzito, punguza kasi. Hapo unajibia afya ya mtu.

Hela ya mashine moja inarudi. Mtoto akiharisha kwa neno lako, utamwambia nini mama yake?

Mtumie mwenzako anayeuza vifaa vya maji.