Rangi ya Sebule Yetu Ilikuja kwa Basi

Kama umewahi kujenga na mwenzako, utanielewa. Msingi mnachimba mkicheka, kuta zinapanda mkicheka. Ikifika kwenye umaliziaji, hela imekata na kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Sisi tulikwama kwenye rangi. Nyumba yetu ya Uyole, Mbeya, ilikuwa imeshaezekwa, umebaki ukuta mmoja wa sebule bila plasta. Hela ya rangi niliiweka kwenye bahasha, kabatini. Siku ya kwenda dukani nikaifungua: tupu! Mume wangu akasema, “Kuna dharura ilijitokeza, nitakueleza.” Hakueleza. Nikaanza kupiga hesabu zangu za kike: dharura gani hiyo isiyo na jina? Wiki mbili nzima tukawa tunaongea habari za chumvi na maji ya kuoga tu.

Ndipo mama mkwe akashuka kwenye basi kutoka Iringa, mkononi ana kiroba kizito. Hata chai hajanywa, akanishika mikono yote miwili. “Mwanangu, asanteni sana kwa ile hela ya matibabu. Mmenitoa mbali.”

Nikamtazama mume wangu. Yeye akatazama sakafu. Kumbe alikuwa ameahidi kutomwambia mtu kuhusu ule ugonjwa, hata mimi. Sikujua nilie au nimrushie kijiko.

Kilichokuwa kwenye kiroba

Mama alikuwa amesikia nyumba haina rangi. Kwenye kiroba kulikuwa na vifurushi vitatu vya udongo: mwekundu, wa njano na mweupe. “Kwangu nilipaka mwenyewe,” akasema, “na mvua imeshindwa kuutoa.”

Kiukweli nilicheka moyoni. Mimi na digrii yangu, sebule ipakwe udongo kama nyumba ya tembe? Lakini usiku nikaanza kusoma, na nilichokikuta kilinifunga mdomo.

Warumi wa kale, wale wenye majumba ya kifahari, walipaka udongo. Karne ya kwanza kabla ya Kristo, mjenzi wao Vitruvius aliandika vitabu kumi vya ujenzi, na cha saba kinaeleza plasta na rangi. Wekundu na njano ya kawaida ilikuwa udongo wenye madini ya chuma, ndugu wa huu huu unaouona kandokando ya barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya. Mji wa Pompeii ulifunikwa na volkano mwaka 79, na ulipofukuliwa kuta zake bado zilikuwa na rangi.

Siri yao ni chokaa. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye moto mkali linatoa hewa ya kaboni. Ukilizimua kwa maji na kulipaka ukutani, linaivuta ile hewa tena na kurudi kuwa jiwe. Ukipaka rangi ya maji matupu wakati plasta bado mbichi, chembe za rangi zinafungiwa humo humo. Haibanduki kwa sababu imekuwa sehemu ya ukuta. Na sisi watu wa Mbeya mawe ya chokaa tunayo, pale Songwe.

Iringa nao hawahitaji kufundishwa na Mrumi. Pale Igeleke, karibu na mjini, kuna mwamba wenye michoro mekundu ya watu na wanyama, iliyochorwa na watu wa kale. Michoro ya aina hiyo kule Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mama mkwe hakuwa mshamba. Mshamba nilikuwa mimi.

Jumamosi ya kazi

Mama akawa fundi mkuu. Udongo tuliutwanga, tukaukoroga kwenye ndoo ya maji. Mchanga ukatuama kwanza, tukamimina yale maji ya rangi kwenye ndoo ya pili na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi tukamwaga maji meupe ya juu, tope laini lililobaki tukalianika, kisha tukalisaga kwenye jiwe hadi likawa kama poda ya mtoto.

Udongo wa njano kidogo niliuweka kwenye kikaango chakavu juu ya mkaa, maana nilisoma kuwa Warumi walikuwa wanauchoma upate wekundu. Taratibu ukaiva kama embe. Mama akacheka. “Hilo mbona liko jikoni siku zote? Angalia udongo wa kwenye mafiga.”

Plasta tulifuata kipimo cha Vitruvius: chokaa sehemu moja, mchanga wa kuchimba sehemu tatu. Fundi na mume wangu wanapiga, mimi na mama tunapaka nyuma yao. Ikikauka kabla hujapaka, rangi haishiki tena, kwa hiyo unapiga kipande unachoweza kukimaliza siku hiyo. Hapo ndipo tulipoanza kuongea. “Lete maji.” “Punguza hapo.” “Pole, umechoka?” Plasta haisubiri mtu amalize kununa.

Jioni, mama alipokwenda kulala, mume wangu akasema, “Ningekuambia.” Nikamjibu, “Mimi sio ‘mtu’. Siri ya mama yako ningeitunza.” Akaomba radhi. Na mimi nikamwomba radhi kwa yale niliyomfikiria, ingawa yote sikumtajia!

Mkitaka kujaribu

Anzeni na ukuta mmoja, na jaribuni kwanza kwenye kipande kidogo, maana rangi ikikauka inapauka.

Kama ukuta una plasta ya saruji tayari, changanyeni udongo uliosagwa kwenye maji ya chokaa na mpake tabaka nyembamba nyembamba. Udongo usizidi sehemu moja kwa kumi ya chokaa. Loanisheni ukuta kwanza.

Chokaa inaunguza ngozi na macho. Vaeni glovu na miwani, watoto wakae mbali. Nunueni chokaa iliyokwisha kuzimuliwa. Ile mbichi huchemka ikiguswa na maji.

Msiige kila kitu cha Warumi. Baadhi ya rangi zao zilitokana na zebaki na risasi, ambazo ni sumu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, hivyo hata rangi ya dukani someni maandishi ya kopo kabla ya kupaka chumba cha mtoto.

Msichimbe udongo kwenye maeneo ya kale kama Isimila, wala msiiguse michoro ya Igeleke.

Leo ukuta wetu ni mwekundu chini na njano juu, na pembeni kuna alama ya kiganja cha mama. Wageni wanauliza tumenunua rangi duka gani. Mume wangu huwa ananiachia mimi nijibu, na mimi huwa naanzia kwenye bahasha.