Je, Wajua? Kwa Nini Fukuto Hunata Mwilini

Je, wajua kwamba si hewa inayonata siku ya fukuto? Kinachonata ni jasho lako mwenyewe lililokosa pa kwenda. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilojuli 2,400, na hivyo ndivyo mwili unavyopoa. Lakini Mombasa au Dar es Salaam msimu wa kaskazi, hewa imekaribia kushiba mvuke. Jasho hukauka polepole mno, linachanganyika na mafuta ya ngozi, na utando huo ndio unaoshika shati mgongoni.

Je, wajua kwamba binadamu hana kiungo cha kuhisi unyevu? Mende anacho, kwenye vipapasio vyake. Sisi ubongo hukisia kwa kuunganisha ubaridi na mguso. Ndiyo maana ukigusa nguo kwenye kamba jioni, hujui kama bado ni mbichi au imepoa tu. Wengi huishia kuipeleka shavuni.

Je, wajua kwamba unyevu kidogo hunata na maji mengi huteleza? Hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Paja kavu huteleza juu ya kiti cha plastiki bila shida. Likitoka jasho jembamba, tabaka la juu la ngozi hulainika na kulalia kiti vizuri zaidi, hivyo sehemu zinazogusana huongezeka na msuguano hupanda. Maji membamba yaliyobanwa katikati nayo huvuta pande zote mbili. Ukimwagia kiti maji tele, mshiko unakwisha. Karani wa benki anayehesabu noti hulijua hilo kwa vidole: sponji yake huwa na unyevu tu, haichuruziki.

Je, wajua kwamba ukitoka kuogelea baharini ngozi hunata hata baada ya kukauka juani? Chumvi safi huanza kuyeyuka kwa kunyonya mvuke pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, kiwango ambacho asubuhi za pwani hukipita mara nyingi. Chumvi ya bahari ina pia magnesi kloridi, ambayo hunyonya mvuke kuanzia asilimia 33 tu. Basi usipojisuuza kwa maji ya bomba, chumvi iliyobaki mwilini itaendelea kuvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya mawe jikoni huloa kwa sababu hiyohiyo.

Peremende je? Sukari yake ilipoa upesi bila kuunda chembe, kwa hiyo hunyonya mvuke mapema kuliko sukari ya kawaida. Iache bila karatasi yake uone.

Je, wajua kwamba hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko hewa kavu ya joto lilelile? Molekuli ya maji ina uzito wa 18, ya naitrojeni 28. Uzito tunaousikia kifuani ni taabu ya mwili kupoa.

Je, wajua kwamba mtambo wa Willis Carrier, uliozaa kiyoyozi cha leo, haukubuniwa kwa ajili ya watu? Mwaka 1902 aliubuni kwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilivimba kwa unyevu na rangi zikakosa kukaa mahali pake.

Je, wajua kwamba tarehe 8 Julai 2003, huko Dhahran, Saudia, kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji, kilipimwa kuwa nyuzi 35 za Selsiasi? Hilo ni karibu joto la ngozi yenyewe. Katika hewa ya namna hiyo jasho halikauki, hutiririka tu.

Je, wajua kwamba feni haipozi hewa ya chumba? Inachofanya ni kufukuza hewa iliyoshiba mvuke iliyoganda kando ya ngozi, ili jasho lipate nafasi ya kukauka. Kuiacha ikizunguka chumbani pasipo mtu ni kuchoma umeme bure.