Beki Anayesoma Kiuno

Mwalimu wa michezo kutoka kata ya Ntalikwa, Manispaa ya Tabora, ameniletea swali zuri. Anasema tangu mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA yafanyike Tabora mwaka 2022, na timu ya Kitayosce ipande Ligi Kuu kwa msimu wa 2023/24 kwa jina la Tabora United, kila kijana wake anataka kuwa straika, maana anayefunga ndiye anayetajwa redioni. Yeye lakini ana beki wa kulia ambaye hana mbio za kutisha wala mwili mkubwa, na bado hapitiki. Skauti akija, aoneshwe nini?

Urefu, pumzi, nidhamu, mguu wa kushoto na wa kulia: hayo kila kocha anayajua, nayaacha. Mimi nina hamu na kitu kidogo kuliko hivyo vyote, nacho ni sehemu ya tano ya sekunde.

Tangu jicho lione kitu mpaka msuli wa mguu uanze kuitika, hupita takribani sekunde 0.2. Winga anayekimbia mita 8 kwa sekunde, katika muda huo ameshasogea mita 1.6. Beki anayesubiri mpira uguswe ndipo aamue, ameachwa kabla hajanyanyua mguu. Kwa hiyo asiyepitika hawezi kuwa anaishi kwa wepesi wa kuitikia peke yake. Anajua mapema. Swali ni anajulia wapi.

Anajulia kwenye kanuni ya Newton. Mwili ulio kwenye mwendo hauchepuki kwa kutaka. Lazima ardhi iusukume, na ardhi haisukumi mpaka mguu ukanyage upande wa pili wa kule unakokwenda. Chukua winga wa kilo 60 anayekuja kwa mita 5 kwa sekunde, anataka kukata nyuzi 45 bila kupunguza mwendo, na mguu wake unagusa chini kwa robo sekunde tu. Piga hesabu: ardhi inapaswa kumsukuma kwa nguvu ya wastani wa zaidi ya niutoni 900, yaani kama mara moja na nusu ya uzito wake, juu ya ile inayomshikilia asianguke. Huwezi kupokea msukumo wa namna hiyo ukiwa umesimama wima. Lazima kwanza ushuke, ulale kuelekea unakokwenda.

Itazame baiskeli ya mkaa inayoingia Tabora mjini ikitokea vijijini, magunia yamefungwa nyuma mpaka yamempita mwendeshaji kichwa. Akitaka kukata kulia hawezi kuukunja usukani kulia ghafla, kwa kuwa mzigo utaendelea na safari yake ya mbele na kumbwaga kushoto. Hufanya kinyume: gurudumu la mbele huchepuka kidogo sana kushoto, magunia yalalie kulia, ndipo baiskeli nzima ifuate. Njiani anaweza kugeuza kichwa amwamkie mtu, anaweza kutoa mkono, anaweza kupiga kengele. Magunia hayana habari. Bodaboda mzoefu aliye nyuma yake haangalii mkono, anaangalia gunia. Likianza kulala, uamuzi umeshapita, na hata mwenye baiskeli hawezi kuutengua tena. Nadhani wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Unyanyembe na pembe za ndovu mabegani walilijua hilo kwa miili yao: mwenye mzigo huenda uendako mzigo.

Gunia la winga ni kiuno. Kichwa, mabega, mikono na ule mguu unaozungushwa juu ya mpira vyote ni vyepesi, vinaweza kusema uongo bila gharama. Kiuno kimebeba kile ambacho fizikia inakiita kitovu cha tungamo. Wapo wanaosema kitovu cha uzito, nami siwafuati, kwa kuwa uzito hutegemea mvutano wa dunia na tungamo unabaki nalo hata mwezini. Neno kitovu lenyewe limekaa mahali pake hasa: kwa mtu aliyesimama, nukta hiyo iko chini kidogo ya kitovu cha tumboni. Miguu yote miwili ikiwa hewani, nukta hiyo hufuata mkondo uleule kama jiwe lililorushwa, na hakuna chenga duniani inayoweza kuupinda.

Mwaka 1998 Mark Williams na Keith Davids walichapisha utafiti uliofuatilia macho ya wachezaji wa soka waliokuwa wakitazama filamu za mmoja dhidi ya mmoja. Wazoefu walikaza macho kiunoni kwa muda mrefu kuliko wasio wazoefu. Mwaka 2012 Sébastien Brault na wenzake wakaenda mbali zaidi kwa chenga za raga: wazoefu walifuata mwendo wa kitovu cha tungamo, wasio wazoefu wakanaswa na kichwa na mabega. Nilipousoma nilimkumbuka Dickson Job, nahodha wa timu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, kwenye AFCON ya vijana nchini Gabon mwaka 2017, baadaye beki wa Yanga. Si mrefu kwa beki wa kati, lakini mtazame anavyofika kwenye mpira kabla ya mwenye miguu mirefu.

Kuhusu upimaji wenyewe, Wamarekani huwakusanya wanafunzi wa vyuo wanaocheza mpira wa Kimarekani pale Indianapolis kila mwaka kabla timu za kulipwa hazijawagawana mwezi Aprili. Walinzi wa nyuma wa mpira wao hupimwa mbio za mita 36.6, kisha hukimbizwa kinyumenyume na kuamriwa wageuke ghafla, makocha wakikodolea macho wepesi wa nyonga. Hilo la pili ndilo ningeliiga. Mbio za kunyooka zinapimwa na saa yoyote.

Mwalimu, kijana wako unaweza kumpima kwa simu ya kawaida. Simama alipo beki, mrekodi winga akija na mpira na kukata, mara kulia mara kushoto. Picha 30 kwa sekunde zinatosha. Picha 6 ndizo zile sekunde 0.2. Simamisha kila kipande picha 6 kabla mpira haujachepuka, umuulize kijana winga anakwenda wapi. Vipande 20 kwa kila kijana. Kwa kubahatisha tu, kupata 15 au zaidi hutokea kama mara 2 katika 100, hivyo akivipata, rudia siku nyingine na winga mwingine, kisha andika. Mwili usikushughulishe mno sasa: wavulana wengi hukua kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, na aliyetangulia kurefuka huonekana beki wa maana mpaka wenzake wamfikie.

Na skauti akija Ntalikwa, usimketishe katikati ya uwanja ambako mechi inapendeza. Mpeleke nyuma ya kibendera cha kona, upande wa kijana wako, aone anachokiona yeye: winga anakuja usoni, mguu unazunguka juu ya mpira, na macho ya kijana yako chini kidogo ya fulana.