Kwenye theluji hii hakuna marudio

MPIGA picha wa soka akilikosa bao la dakika ya 10, bado ana dakika 80 za kujitetea. Akitoka kapa, kuna mechi ya Jumapili. Mwenzake anayepiga picha za watelezaji kwenye milima ya Alta, jimbo la Utah, Marekani, hana bahati hiyo.

Alta, kituo kilichoanzishwa mwaka 1938, hupokea zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu. Hiyo inameza nyumba ya ghorofa. Theluji yenyewe ni kavu na nyepesi kama unga uliochekechwa. Mtelezaji akikata kona kwa kasi, unga unaruka hadi kifuani, mara nyingine unamfunika uso. Picha inayotafutwa ndiyo hiyo: miwani, mkono mmoja, kwingine kote moshi mweupe.

Shida ni kwamba akishapita, alama inabaki. Mteremko umechafuka hadi theluji nyingine ianguke. Ndiyo maana wawili hawa wanapanga kila kitu mapema. Mpiga picha anazungukia pembeni, maana hata nyayo zake zinaharibu, kisha anamwonyesha mwenzake: pinda pale, kwenye ule msonobari. Akipinda mita chache nje ya hapo, kazi imekwenda na maji.

Kamera nayo inadanganyika. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inatoka ya kijivu kama majivu. Mzoefu anaongeza mwanga kwa makusudi, na betri ya akiba anaificha ndani ya koti, kwenye joto la mwili, kwa sababu baridi inazimaliza haraka.

Hayo yanafundishika. Kigumu ni tamaa. Miteremko inayopendeza kwenye lenzi, ile ya nyuzi 30 hadi 45, ndiyo hiyo hiyo inayoporomoka. Alta wanalijua hilo: kwa miaka mingi walitumia mizinga ya kijeshi kuiangusha theluji kabla haijamwangukia mtu, na siku mbaya watu huamriwa wasitoke hotelini. Nje ya maeneo yaliyokaguliwa, kila mtu anatakiwa abebe kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea na koleo. Na hapo hakuna dakika za nyongeza. Aliyefukiwa asipotolewa ndani ya dakika 10 hivi, nafasi yake ya kupona inaporomoka.

Mara nyingi poromoko linaloua huanzishwa na mhanga mwenyewe au mtu wa kundi lake. Sasa fikiria jamaa yuko chini na kamera, picha ya kwanza imemponyoka, na juu kule anaona theluji safi ambayo haijaguswa. Anataka moja tu ya mwisho. Anayeteleza si yeye.

Kwa wanaojiheshimu kwenye kazi hii, neno la mwisho ni la aliye juu. Akitikisa kichwa, kamera inarudi kwenye begi na wote wanateremka kwa njia waliyojia.